SIRI YA INI LA NGEGE

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama mwaka mzima kando ya bwawa la samaki, na nilichokipata huko si samaki mnono bali ni somo la biolojia. Somo lenyewe ndilo ninalotaka kukueleza katika kurasa hizi za jarida letu, ili wewe usije ukarudia kosa nililolifanya.

Bila shaka unalikumbuka bwawa tulilolichimba sisi wa chama cha kilimo, lile lililo nyuma ya jiko. Tulitia humo vifaranga vya ngege. Ngege ni yule tilapia wa Ziwa Victoria ambaye wenzetu wa Tanzania humwita sato. Mapatano yalikuwa kwamba baada ya miezi minane tungewauza, na nusu ya fedha ingenunua kamusi za Chama cha Kiswahili, manake zile tulizo nazo zimebaki kurasa bila majalada. Mimi nilichaguliwa kushika daftari la vipimo. Kila Ijumaa baada ya masomo tulikokota wavu, tukawatoa samaki, tukawapima kwa rula, tukawarudisha. Mgeni akija shuleni, wavu tena. Kidato cha kwanza wakitaka kuona mapezi, wavu tena. Chakula chao kilikuwa makoko ya ugali yanayobaki jikoni.

Siku ya kuvua ikafika. Walikuwa wengi ajabu, lakini mkubwa wao hakuzidi kiganja changu, na waliosalia walikuwa kama vidole. Mpishi wetu alichungulia ndani ya karai akauliza, "Hawa ni ngege ama ni omena?" Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa daftari lilikuwa kwapani mwangu.

Afisa wa uvuvi alipokuja alituuliza maswali matatu tu. Mnawalisha nini? Mnawatoa majini mara ngapi? Je, mlitenganisha madume na majike? Tulipomjibu alitikisa kichwa akasema, "Vijana, hawa samaki hawakukosa kula. Maini yao yaliambiwa yafanye kazi nyingine." Nililiandika jambo hilo nyuma ya daftari langu. Nani aliyeyaambia maini hayo? Na yaliambiwa nini? Kuuliza si ujinga, basi nikauliza, nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata. Somo hili hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hivyo maneno mengine nimeyavika kanzu ya Kiswahili. Mwalimu wa Kiswahili akiona kanzu imembana mtu, naomba anisamehe.

INI NI GHALA

Ukimpasua ngege utaliona ini upande wa mbele wa tumbo, kipande laini cha rangi ya hudhurungi kilicho karibu na nyongo. Kila anayepika samaki anapajua mahali hapo, kwa sababu ukiikata nyongo kwa bahati mbaya mchuzi umekwisha. Damu inayotoka utumboni ikiwa imebeba chakula kilichosagwa haiendi moja kwa moja kwenye misuli wala kwenye ubongo. Hupita kwanza katika ini, kama vile gunia la mahindi linavyopitishwa kwenye mizani ya ghala kabla ya kugawanywa.

Ghala hili huweka akiba ya namna mbili. Ya kwanza ni glaikojeni, yaani chembe nyingi sana za glukosi zilizounganishwa kama shanga, tena zenye matawi. Ya pili ni mafuta. Samaki hawafanani katika jambo hili. Papa, kwa mfano, huweka mafuta mengi mno katika ini lake, na ndugu zetu wa pwani wamelijua hilo tangu zamani. Waliyachemsha maini ya papa wakapata sifa, yale mafuta ya kupaka mashua na majahazi ili mbao zisiharibiwe na maji ya chumvi.

Lakini ini si ghala tu, ni kiwanda pia. Seli zake zinaweza kuchukua asidi-amino, yaani vipande vya protini, zikatengeneza kutokana nazo glukosi mpya ambayo haikuliwa kabisa. Aidha hutengeneza protini nyingi zinazosafiri katika damu.

Sasa hebu fikiria. Seli ya ini imekaa gizani ndani ya tumbo. Haina macho. Haijui kama samaki ameshiba au ana njaa. Haijui kama furukombe anazunguka juu ya maji. Haijui kama msimu wa kutaga umewadia. Itajuaje basi kama wakati huu ni wa kuweka akiba au wa kuitoa? Jibu ni kwamba huletewa barua. Barua hizo ndizo homoni.

BARUA HUSOMWAJE?

Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi au seli maalum kisha ikatiwa katika damu. Damu hupita kila mahali, kama matatu inavyopita vituo vyote, lakini abiria hushuka pale penye shughuli yake. Homoni nayo hufanya kazi katika seli zenye kipokezi chake peke yake. Kipokezi ni protini yenye umbo linalolingana na homoni hiyo, kama kufuli na ufunguo wake.

Barua hizi ni za aina mbili. Kuna zile zisizoweza kupenya utando wa seli. Hizo hubisha mlangoni tu. Insulini, glukagoni na adrenalini zimo katika kundi hili. Halafu kuna zile zinazotokana na kolesteroli, kama kotisoli na estrojeni. Hizo hupenya hadi ndani na kufika kwenye kiini cha seli, mahali zinapokaa jeni.

Tuanze na zile zinazobisha mlangoni. Glukagoni ikishika kipokezi chake nje ya seli ya ini, kipokezi hicho hubadilika umbo upande wa ndani. Kwa kubadilika huko huiamsha protini iitwayo protini-G. Nayo huamsha kimeng'enya kinachogeuza ATP kuwa kitu kiitwacho siklik AMP. Siklik AMP ni mjumbe wa pili, manake mjumbe wa kwanza amebaki mlangoni. Mjumbe huyu huamsha kimeng'enya kingine, kinasi A, ambacho kazi yake ni kuvibandika vimeng'enya vingine fosfati. Mwisho wa mlolongo huo kuna kimeng'enya kiitwacho fosforilasi, ambacho huikata glaikojeni chembe moja moja, na glukosi ikatoka kwenda katika damu.

Utauliza, kwa nini mzunguko mrefu hivyo? Fikiria mwalimu mkuu akimnong'oneza kiranja mkuu neno moja. Kiranja mkuu huwaambia viranja wa madarasa, na kila kiranja huwaambia wanafunzi arobaini. Kwa dakika chache shule nzima imepata habari, na mwalimu mkuu hata hajapaza sauti. Ndivyo ilivyo hapa. Chembe moja ya glukagoni huzaa chembe nyingi za siklik AMP, na kila kimeng'enya kinachoamshwa huamsha vingine vingi. Homoni kidogo, kazi kubwa.

Aliyemgundua mjumbe huyu wa pili ni Mmarekani Earl Sutherland, katika miaka ya 1950, na mwaka wa 1971 alipewa Tuzo ya Nobel. Yeye hakutumia samaki. Alitumia maini ya wanyama wa nchi kavu. Hata hivyo mlolongo ule ule umo katika ini la ngege, la trauti, la panya, na katika ini lako wewe unayesoma.

BARUA YA SHIBE

Samaki akishashiba, barua inayotumwa ni insulini. Kwetu binadamu insulini hutoka katika kongosho. Katika samaki wengi wenye mifupa, akiwemo ngege, seli za insulini hukusanyika katika vifundo vidogo vilivyojitenga, viitwavyo vifundo vya Brockmann. Katika ngege vimo karibu na mfereji wa nyongo.

Vifundo hivyo vina historia kubwa kuliko ukubwa wao. Insulini ilipopatikana huko Toronto, Canada, mwaka wa 1921 na 1922, ilibakia kuthibitishwa kwamba inatoka hasa katika seli zile na si katika sehemu nyingine za kongosho. Katika wanyama wengi sehemu hizo mbili zimechanganyika kama mchele na maharagwe yaliyokwisha kupikwa pamoja. Profesa John Macleod akakumbuka kwamba samaki fulani wa baharini wamejitenganishia wenyewe. Mwaka wa 1922 alikamua dawa kutoka vifundo hivyo, na dawa hiyo ilishusha sukari ya damu. Iliyokamuliwa kutoka sehemu nyingine haikushusha. Mwaka wa 1923 Macleod na Frederick Banting walipewa Tuzo ya Nobel. Kwa hivyo msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mzee anayedungwa sindano ya insulini, ujue kwamba samaki naye alitoa ushahidi.

Insulini huliambia ini nini? Huliambia: weka akiba, jenga, usibomoe. Watu wengi hudhani insulini hulifungulia ini mlango ili glukosi iingie. La hasha! Glukosi hupita kwa urahisi katika utando wa seli ya ini. Kinachobadilika ni kazi ya ndani. Kipokezi cha insulini chenyewe ni kimeng'enya, na kikishikwa huanzisha mlolongo mwingine unaoamsha vimeng'enya vya kutengeneza glaikojeni, mafuta na protini, na kuvilaza vile vya kubomoa.

Hapa ndipo samaki anapotofautiana nasi. Kwetu kinachosukuma insulini itoke ni glukosi hasa. Katika samaki wengi asidi-amino huisukuma kwa nguvu zaidi. Si ajabu, kwa kuwa majini hakuna ugali. Mtazame trauti, samaki aliyeletwa na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20 katika mito baridi ya Mlima Kenya na Nyandarua. Chakula chake ni wadudu na samaki wadogo. Ukimlisha wanga mwingi sukari ya damu yake hupanda ikakaa juu kwa saa nyingi, na huku ini lake likaendelea kutengeneza sukari nyingine kutokana na protini, kana kwamba halijaona iliyopo. Ngege yeye hula mimea midogo ya majini, kwa hivyo huumudu wanga vizuri zaidi.

Lakini kuumudu si kukua. Nyama ya samaki ni protini, na protini haijengwi kwa wanga. Kuna homoni ya ukuaji ambayo hutoka katika tezi ya pituitari chini ya ubongo. Hiyo hufika katika ini na kuliagiza litengeneze homoni nyingine iitwayo IGF-1, nayo IGF-1 ndiyo inayoiambia mifupa na misuli ikue. Samaki akikosa chakula cha kutosha chenye protini, ini huacha kuitikia agizo hilo vizuri. Homoni ya ukuaji inaweza hata kuzidi katika damu na bado IGF-1 ikapungua. Ni kama kugonga kengele ya chakula wakati sufuria ni tupu.

Naam, sisi tuliwapa ugali. Ghala likajaa glaikojeni na mafuta, lakini misuli haikupata matofali ya kujengea. Tulipompasua mmoja wao ini lake lilikuwa limepauka na kuteleza kwa mafuta.

BARUA YA NJAA

Akiba haiozi, walisema wazee. Siku ya njaa insulini hupungua katika damu na glukagoni ikapata nafasi ya kusikika. Tumekwisha kuona jinsi inavyobisha mlango na kumtuma mjumbe wa pili. Glaikojeni hukatwa. Njaa ikiendelea mafuta hutumiwa, na ini hugeuza asidi-amino kuwa glukosi ili ubongo usikose sukari.

Hakuna anayelijua hilo kuliko mama ngege. Akishataga huyachukua mayai mdomoni, akayabeba humo mpaka yaanguliwe na vifaranga waweze kuogelea. Kazi hiyo humchukua hadi wiki mbili hivi, na katika siku hizo hali, au hula kidogo sana. Angekula angewameza watoto wake. Anayemlisha ni ini lake mwenyewe, likiitikia barua ya njaa siku baada ya siku. Mimi nilipolisoma hilo nilinyamaza kwa muda.

Kuna jambo jingine la ajabu hapa. Binadamu na samaki wana homoni iitwayo GLP-1. Kwetu sisi huongeza insulini baada ya mlo, na siku hizi kuna dawa za kisukari na za kupunguza unene zinazoiga kazi yake. Lakini ikifika katika ini la samaki hufanya kazi ya glukagoni, yaani hulifanya litoe sukari. Barua ni ile ile, ila msomaji ameisoma vingine. Kwa hivyo tusidhani kwamba homoni ina maana yake peke yake. Maana hutegemea kipokezi na seli iliyokibeba.

BARUA YA HOFU

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu ni nzito, kwa sababu kosa hili lilikuwa langu.

Likilia la mgambo kuna jambo. Samaki akiona mbuta akimjia, au akihisi wavu, mgambo hulia katika mwili wake kwa awamu mbili. Ya kwanza ni adrenalini. Sisi tuna tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Samaki hana tezi za namna hiyo. Seli zake za adrenalini zimetawanyika katika sehemu ya mbele ya figo, karibu na kichwa. Kwa muda wa sekunde tu adrenalini imo katika damu, imefika katika ini, imebisha mlango. Katika samaki wengi mlolongo ni ule ule wa siklik AMP. Sukari humwagika katika damu ili ipate kutumiwa na misuli, naye samaki akakimbia. Akiokoka, gharama imelipwa na faida imepatikana.

Ya pili ni kotisoli. Ubongo huiambia pituitari, pituitari huziambia seli nyingine zilizo katika sehemu ile ile ya mbele ya figo, na kwa dakika chache kotisoli huanza kupanda. Hii haibishi mlango. Hupenya ndani ya seli ya ini, ikakutana na kipokezi chake humo humo, wakaingia pamoja katika kiini na kuamsha jeni. Jeni hizo hutoa maagizo ya kutengeneza vimeng'enya vipya, vikiwemo vile vya kugeuza asidi-amino kuwa glukosi. Na asidi-amino hizo hutoka wapi? Hutoka katika protini ya mwili wake, hata misuli. Adrenalini ni mgeni wa kupita, anakunywa chai na kuondoka. Kotisoli ni mgeni aletaye mkeka wake.

Hofu ikiisha kotisoli hushuka baada ya saa kadhaa, na samaki akarudi kula. Hofu ikirudiwarudiwa mambo huharibika. Hamu ya chakula hupungua. IGF-1 hupungua. Nguvu ya kupigana na magonjwa hupungua pia. Samaki analipa karo ya hofu kwa nyama yake mwenyewe.

Nilirudi kwenye daftari nikahesabu. Katika muhula wa pili peke yake tulikokota wavu mara 41. Ijumaa zenyewe zingesameheka. Lakini ziongeze siku za wageni, siku za kidato cha kwanza, na siku ambazo tulitaka tu kuona kama wamekua. Tena hatukuwatoa wachache, tuliwatoa wote, na tukawashika kwa mikono mikavu mpaka kila mmoja apimwe. Daftari langu lilikuwa na vipimo sahihi, lakini vipimo vyenyewe viliwarudisha nyuma.

Wauza samaki nao wajue jambo hili. Samaki aliyehangaika sana kabla ya kufa huwa ameimaliza akiba iliyo katika misuli yake, kwa hivyo hukakamaa mapema kuliko aliyekufa kwa utulivu. Mama akikuambia samaki huyu alivuliwa vibaya, si maneno ya sokoni tu.

BARUA YA MAYAI

Swali la tatu la afisa lilihusu madume na majike. Mimi nilidhani anauliza kwa sababu ya wingi wa vifaranga, na kweli bwawa lilijaa vifaranga wakagombania chakula. Lakini hata hapa ini limo.

Jike akikomaa, ovari zake hutoa estrojeni. Hiyo, kama kotisoli, hupenya katika seli ya ini na kuamsha jeni. Jeni inayoamshwa hutengeneza protini iitwayo vitelojenini, ambayo husafiri kwa damu hadi kwenye mayai ikawa kiini chake. Sikiliza vizuri: kiini cha yai la samaki hakianzii katika mfuko wa mayai. Chanzo chake ni ini! Hata yule kuku wa nyumbani kwenu hufanya hivyo. Ngege jike huanza kutaga akiwa na miezi michache tu, na akipata maji ya joto hurudia kila baada ya wiki kadhaa. Kila mara ini lake hupeleka protini katika mayai badala ya kuiacha iende katika minofu, halafu hufuata ule mfungo wa kubeba watoto mdomoni. Ndiyo sababu wafugaji hupenda bwawa la madume matupu.

Dume naye ana jeni hiyo hiyo, ila imelala kwa kukosa estrojeni ya kutosha. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Uingereza walikuta samaki madume katika mito iliyopokea maji machafu ya mijini wakiwa na vitelojenini katika damu. Maji hayo yalikuwa na estrojeni za watu na za vidonge vya kupanga uzazi, na maini ya madume yalizisoma kama barua halali. Huko Canada, kutoka mwaka wa 2001 hadi 2003, watafiti walitia estrojeni ya vidonge katika ziwa dogo la majaribio, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa kila lita. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Madume wakatengeneza protini ya mayai, na aina moja ya samaki wadogo karibu itoweke kabisa katika ziwa hilo. Ini halina njia ya kujua barua imeandikwa na nani. Husoma na kutii.

TUMEJIFUNZA NINI?

Basi nirudi katika bwawa letu. Ini la ngege ni moja, na akiba yake ni moja. Insulini na homoni ya ukuaji husema jenga. Glukagoni husema toa akiba. Adrenalini na kotisoli husema kimbia kwanza, ukuaji baadaye. Estrojeni husema tengeneza mayai. Barua zote hufika katika damu ile ile, na samaki hukua kwa kile kinachobaki baada ya maagizo mengine kutimizwa. Sisi tulimnyima protini, tukamtia hofu, tukamwacha atage akiwa mdogo. Kisha tukamwita mvivu.

Mwaka huu tumebadili mambo. Chakula ni pumba iliyochanganywa na unga wa omena na soya. Tumenunua vifaranga madume. Wavu unakokotwa mara moja kwa mwezi, tena tunachota wachache tu, tunawapima katika ndoo yenye maji, na mikono lazima ilowe kwanza. Mgeni akitaka kuona samaki anaketi ukingoni kimya na kusubiri waje juu. Wengine huona huo ni ukali, lakini mwenye daftari bado ni mimi.

Kamusi zitangoja mwaka mmoja zaidi, na kwa hilo naliomba radhi Chama cha Kiswahili. Namshukuru mwalimu wa biolojia aliyenivumilia kwa maswali hata wakati wa chai, na yule afisa ambaye sentensi yake moja ilinipa kazi ya miezi mitatu. Wewe nawe ukipita nyuma ya jiko na kuona mtu anarusha jiwe katika bwawa ili samaki waruke, tafadhali mwambie aache. Jiwe lenyewe litazama, lakini maini ya samaki yatakuwa yamekwisha kulipokea.

Wasalaam.